Gari la Maneno na Gari la Karatasi

Jambo mama uliye kwenye meza yako ya biashara pale Nyawera, hapa Bukavu. Jambo baba unayepandisha kilima cha Kadutu. Na wewe dereva uliyesimama Essence ukimngoja abiria wa mwisho ili uondoke kwenda Panzi, jambo sana. Punguza honi kidogo, ongeza redio, maana habari ya leo ni yako.

Naanza na swali. Ukinunua kiberiti dukani, ukafika nyumbani ukakuta njiti haziwaki, unafanya nini? Unakirudisha. Ukinunua maharage ukakuta mawe ni mengi kuliko maharage, unamrudia muuzaji, mnasemezana, anakuongezea kopo moja, yanakwisha. Sasa ukinunua gari la dola 7,000, na siku ya tisa likakufia kwenye kona za Ngomo, njia ya Uvira, abiria wameshuka wanakutazama, unamrudia nani? Yule komisionere, dalali wa magari? Simu yake imezimwa. Mwenye gari? Hujawahi kumwona uso. Unarudi nyumbani usiku, unakaa kimya, na mama watoto anakuuliza swali moja tu: "Walikuandikia nini?"

Hilo ndilo swali la mazungumzo yetu ya leo. Walikuandikia nini? Lishike, nitalirudia.

Niwape kisa cha nyumbani kwetu. Shemeji yangu aliuza kipande cha shamba Walungu, akaongeza pesa za likelemba, ule mchango wa zamu, akasema sasa anatafuta gari. Akaletewa habari ya RAV4 moja safi, usukani kushoto, rangi inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Komisionere alikuwa kijana mwenye adabu, viatu safi, maneno matamu. Akasema: "Shemeji, hili lilikuwa la mama mmoja Mzungu. Alikuwa anakwenda nalo misa ya Jumapili tu." Pale kwenye dashibodi namba ilisoma kilomita elfu 68 na kidogo.

Mimi nilikwenda na fundi mmoja mzee wa Kadutu. Nilidhani atafungua injini. Wapi! Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akatazama chini, kwenye pedali ya breki. Mpira wa pedali ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kinaonekana. Akapitisha kiganja kwenye usukani: umelainika kama benchi la kanisa. Kisha akaushika mkanda wa kiti, akauvuta taratibu mpaka mwisho wake kabisa, pale ambapo hakuna mtu anayeufikisha. Mwisho wa mkanda ule kulikuwa na mstari wa tope kavu. Gari lilikuwa limewahi kulala majini. Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ndogo: "Kilomita wamezirudisha nyuma. Mguu wa dereva hawakuweza kuurudisha."

Mtaniuliza: shemeji akafanya nini? Akanunua! Ndiyo, akanunua. Kwa sababu wakati huohuo simu ya komisionere ililia, naye akajibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Ndiyo patron, lipo, njoo upesi, kuna mwingine hapa analitaka." Shemeji akaona gari linamponyoka. Akahesabu dola, akatia saini karatasi moja ya Kifaransa, mistari minne, bila kuuliza mstari wa tatu unasema nini. Mwezi haukuisha, umeme wa gari ukaanza kufa: leo taa, kesho starta, keshokutwa kila kitu.

Tutarudi kwa shemeji. Kwanza tujiulize: magari haya yanatoka wapi, na uongo unaingilia wapi?

Mengi ya magari tunayoyaona hapa Bukavu yametumika kwanza Japani au Ulaya, mengine yamepitia Dubai. Yanashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, yanavuka nchi kwa barabara, yanapita Rwanda, yanatuingilia mpakani Ruzizi. Hesabu mikono. Yuko aliyelitumia, aliyeliuza, aliyelisafirisha, aliyelipokea bandarini, aliyelileta mpaka huku, halafu komisionere. Kila mkono unachukua faida yake, na kila mkono unaweza kuongeza neno lake. Likifika kwako, gari lina chuma kidogo na maneno mengi.

Na maneno hayo, mara nyingi, yanadanganya mahali patatu. Narudia, patatu.

Pa kwanza ni kilomita. Kuirudisha nyuma ile namba ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine yake. Lakini Japani, gari linapokaguliwa, kilomita zake huandikwa, na cheti cha kulitoa nchini kwenda nje nacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Kama gari limepita mnadani, kuna pia karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake. Ukiona pale herufi R, au RA, maana yake gari limewahi kupata ajali likatengenezwa. Muulize muuzaji: "Cheti cha kutoka Japani kiko wapi?" Akisema kimepotea, basi na bei nayo ipotee kidogo.

Pa pili ni maisha ya gari kabla yako. Limepinduka? Limezama? Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na Wajapani wanaendesha kushoto. Kwa hiyo gari la Japani usukani wake uko kulia. Yako magari yaliyohamishwa usukani kwenye garaji, kulia kwenda kushoto. Fundi mzuri anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Lakini kosa ni kukuficha. Kwa nini ulipie gari lililotoka kiwandani usukani kushoto, kumbe limepasuliwa dashibodi na kuunganishwa upya?

Pa tatu ni karatasi zenyewe. Karatasi za forodha, zile za duane, zina jina la nani? Karte roze, ile kadi ya gari, ina jina la nani? Namba ya chasisi iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyogongwa kwenye chuma? Kuna watu wamenunua gari la deni, gari la urithi ambalo ndugu bado wanagombana, hata gari la wizi. Anayeuza kitu kisicho chake anatenda kosa la jinai. Mawakili wetu wanaliita stelionati. Lakini wakati wewe unamtafuta mwenye kosa, mwenye gari anakuja na polisi kulichukua.

Basi, hapo ndipo watu wengi wananiambia: "Ndugu mtangazaji, biashara ni biashara. Macho yako ndiyo sheria yako." Hapana. Hapo ninakataa. Sheria ipo, tena ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria yetu ya mikataba, ile ambayo mawakili huiita Kode Sivile, Kitabu cha Tatu, ilitolewa kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Fikiria: wakati huo gari la petroli lilikuwa na miaka miwili tu duniani, maana Carl Benz aliandikisha uvumbuzi wake Ujerumani mwaka 1886. Sheria hiyo imemwona Mfalme Leopold, imewaona Wabelgiji, imeona uhuru, imeona Zaire ya Mobutu, na bado ipo. Nayo inasema nini? Inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza, zile zinazokifanya kisifae kwa kazi yake, kasoro ambazo mnunuzi angezijua asingenunua, au angetoa bei ndogo zaidi. Kasoro unayoiona kwa macho yako ni shauri lako. Kasoro iliyofichika ni shauri la muuzaji.

Ukishashinda, una njia mbili: urudishe gari ulipwe pesa zako, au ubaki nalo urudishiwe sehemu ya bei. Na kama muuzaji aliijua kasoro akanyamaza, atakulipa na hasara nyingine uliyoipata. Lakini sheria hiyohiyo inataka ulalamike mapema. Ukikaa na gari bovu mwaka mzima, unalitengeneza hapa na pale, unapakia abiria, halafu ndipo unakumbuka kushtaki, hakimu atakuuliza ulikuwa wapi.

Huo ni upande wa madai. Upande wa jinai, Kode Penale yetu ya mwaka 1940 ina vifungu viwili vya kukumbuka. Kifungu cha 98 ni cha utapeli, yaani kumtoa mtu pesa kwa hila, kwa jina la uongo au cheo cha uongo: kifungo chake ni miezi 3 hadi miaka 5, pamoja na faini. Kifungu cha 99 ni cha kumdanganya mnunuzi: umempa kitu kingine badala ya kile mlichokubaliana, au umemdanganya juu ya asili yake. Hapo kifungo hakizidi mwaka 1, na faini pia. Kwa hiyo, yule anayesema "biashara ni biashara" ajue kwamba biashara ina mlango wa gereza.

Sasa turudi kwa shemeji. Mnakumbuka ule mstari wa tatu wa karatasi yake? Alipompelekea wakili, wakili aliusoma kwa sauti: mnunuzi ameliona gari na amelikubali katika hali lilivyo. Shemeji akainamisha kichwa. Akajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Sikilizeni vizuri, kwa sababu sentensi hiyo imo kwenye karatasi nyingi hapa mjini. Sheria inamruhusu muuzaji kuandika kwamba hatoi dhamana, lakini hiyo inamkinga muuzaji ambaye mwenyewe hakuijua kasoro. Aliyejua akaficha, sentensi hiyo haimfichi. Basi swali linakuwa: utaonyeshaje kwamba alijua? Na hapo Mungu alimsaidia shemeji. Kwenye simu yake alikuwa hajafuta sauti ya WhatsApp ambamo komisionere aliapa, kwa niaba ya mwenye gari, kwamba gari halijawahi kugusa maji na kwamba kilomita ni zake za kweli. Wakili akaandika barua. Wakakaa, wakabishana wiki mbili, mwishoni mwenye gari akarudisha sehemu ya pesa. Si zote. Lakini sauti ile ndiyo iliyokuwa karatasi yake. Bila hiyo, yangebaki maneno ya huyu dhidi ya maneno ya yule.

Msidhani ni sisi tu. Kwa kuwa magari yetu mengi yanatoka Japani, tuangalie Japani. Kulikuwa na kampuni kubwa ya magari yaliyotumika, jina lake Bigmotor, yenye maduka zaidi ya 250. Mwaka 2023 ikaanikwa. Mteja analeta gari lake lirekebishwe baada ya ajali ndogo. Wafanyakazi wanaliharibu zaidi ili bima ilipe zaidi. Mnajua walitumia nini? Mpira wa gofu. Wanautia ndani ya soksi, wanauzungusha, wanapiga bati la gari mpaka libonyee. Wengine walikwaruza rangi kwa bisibisi. Kwa nini? Kwa sababu juu yao kulikuwa na mabwana waliotaka kila gari lilete kiasi fulani cha pesa. Hata miti ya barabarani mbele ya maduka ilikauka, na kampuni ikakiri kwamba miti hiyo ilimwagiwa dawa ya kuua magugu.

Mwisho wake? Julai 2023 mkuu wa kampuni akajiuzulu. Novemba mwaka huohuo serikali ikaifutia kibali cha kuuza bima. Mwaka 2024 biashara ikachukuliwa na kampuni nyingine, na jina Bigmotor likaondolewa milangoni. Kumbukeni hili komisionere atakapowaambia: "Hili limetoka Japani moja kwa moja, Wajapani hawadanganyi." Kila nchi ina waongo wake. Tofauti ni nani anawafuata.

Na Marekani je? Aprili 2022, kampuni moja yenye maduka ya magari, Napleton, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza mashtaka ya serikali kuu na ya jimbo la Illinois. Kosa gani? Wateja walikuwa wanapewa rundo la karatasi watie saini, na ndani ya rundo hilo wanachomekewa malipo ya vitu ambavyo hawakuviomba. Tena, kwa mujibu wa mashtaka, wateja weusi walikuwa wakitozwa zaidi kuliko wengine. Angalieni jambo hapo. Wao walidanganywa kwa wingi wa karatasi, sisi tunadanganywa kwa ukosefu wa karatasi. Dawa ni ileile: soma kabla ya kusaini, na lile unalolitaka ambalo halimo, liandikwe.

Najua kuna mtu anaijibu redio: "Huko wana serikali inayowafuatilia wauzaji. Sisi tangu mji wetu ulipoingia mikononi mwa kundi la AFC/M23 Februari 2025, benki zilifunga, mahakama zikayumba. Nitamshtaki nani, wapi?" Ni neno la kweli, siwezi kulipita. Lakini nawauliza: benki ikifungwa, pesa inapita wapi? Inapita mkono kwa mkono. Haiachi alama. Zamani hata risiti ya benki ingeweza kukusemea. Leo una nini? Kwa hiyo siku hizi ndizo hasa za kuandika. Mahakama inaweza kufungwa na kufunguliwa. Karatasi iliyotiwa saini inangoja. Na wengi wetu tunamaliza mashauri mbele ya wazee, mbele ya shefu wa avenyu au mbele ya mchungaji. Hata hao, swali lao la kwanza ni lilelile. Walikuandikia nini?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tushike basi mambo matano, ninayasema polepole ili mwenye kalamu aandike.

La kwanza: usiende peke yako kuliona gari, na usiende na fundi uliyeletewa na muuzaji. Nenda na fundi wako, mchana, si jioni. Avute mkanda mpaka mwisho. Atazame pedali.

La pili: karatasi ya mauzo iwe na jina la mwenye gari, si la komisionere peke yake, na utambulisho wake. Iwe na namba ya chasisi, iliyosomwa kwenye chuma chenyewe mkiwa wote mnaona.

La tatu, na hili ndilo kubwa: kila sifa uliyoambiwa iandikwe. Umeambiwa kilomita elfu 68? Iandikwe. Halijazama? Iandikwe. Halijahamishwa usukani? Iandikwe. Muuzaji wa kweli hataogopa kalamu. Akianza kusema "shemeji, huniamini?", mjibu kwa upole: "Ninakuamini, ndiyo maana nataka uandike."

La nne: komisionere naye atie saini kama shahidi, na aandike kiasi alicholipwa. Yeye anakula pande zote mbili; haiwezekani wakati wa kula awepo na wakati wa kujibu asiwepo.

La tano: gari likionyesha kasoro, usingoje. Wiki hiyohiyo piga picha, mwite fundi aandike alichokikuta, umpelekee muuzaji barua na ubaki na nakala. Na zile sauti za simu, usizifute.

Neno langu la mwisho kabla muziki haujanifukuza ni kwa ndugu zetu makomisionere. Ninawafahamu wengi, ni vijana wanaosomesha wadogo zao kwa kazi hiyo, na wapo ambao ukiwauliza kama gari limegongwa watakujibu ndiyo, na watakuonyesha mahali. Hao ndio ambao mwongo anawaharibia soko, kwa sababu mnunuzi aliyeumwa mara moja huanza kushuku kila mtu. Msimwache mwongo akae kati yenu kwa sababu tu mnakunywa chai pamoja.

Na wewe msikilizaji unayehesabu dola zako usiku huu, ukipanga kesho asubuhi kwenda kulichukua gari: gari la maneno liko kinywani mwa muuzaji, nalo halina kasoro hata moja. Utakaloendesha ni jingine. Kabla hujatoa dola ya kwanza, omba kalamu.